Ndege, Nondo na Msitu Uliofagiwa

Tangu nirudi Jumamosi sijamaliza kikombe kimoja cha chai kwa utulivu. Nikikaa tu, mtu anapiga hodi: "Mwalimu, habari za huko? Mlimwona?" Nimesimulia dukani, nimesimulia kwenye arusi ya jirani, na kila nikisimulia nasahau kipande. Wifi yangu Mwanaidi naye anasimulia kivyake, na kwake hadithi imeshaota pembe. Basi nimekaa, nimeandika. Kila mtu asome kwa nafasi yake.

Nianze na kilichokuwa hatarini, maana bila hicho safari yetu ni ya mabibi wawili waliokwenda kula mananasi.

Hadija nilimfundisha sayansi hapa Bagamoyo, zamani kidogo. Alikuwa yule mtoto anayeuliza swali wakati kengele imeshagongwa. Sasa ameolewa Kwambwiga, kijiji cha ndani ukitoka Miono kuelekea Saadani, na ni katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji. Kijiji kina kipande cha msitu, kidogo tu, unakizunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali. Wakulima wanakitaka wapande mananasi. Hadija alitaka kibaki, kwa sababu ndani yake kuna viumbe wawili ambao ni nadra kuwakuta kwingine. Mmoja ni ndege mdogo wa kifua cha rangi ya chungwa, mwimbaji. Mwingine ni nondo, yaani yule mdudu anayefanana na kipepeo, mwenye mabawa ya rangi ya majani makavu.

Kwa miaka miwili Hadija amekuwa akisema, na watu wakicheka. Mkutano mkuu wa kijiji ukapangwa Alhamisi mchana, ajenda ikiwa kuugawa msitu. Mwenyekiti wa kijiji akamwambia waziwazi: "Kamati ikimwona hata mmoja kwa macho yake kabla ya mkutano, tutazungumza. Isipomwona, tunagawa." Ndipo akanipigia simu.

"Mwalimu, shikamoo. Mimi nikisema naonekana mtoto. Njoo Jumanne, Jumatano tuzunguke mimi na wewe tuwatafute walipo, Alhamisi alfajiri tuwaonyeshe."

"Marahaba, mwanangu. Jumanne nipo hapo," nikajibu, kama vile barabara ni ya kwangu.

Bagamoyo hadi Kiwangwa

Mwanaidi, dada wa mume wangu, mnamjua. Haachwi nyuma.

"Wewe na macho hayo utamwona nondo?" aliniuliza nikifunga mkoba. "Juzi uliiamkia kanzu iliyoanikwa kambani. Ukaisubiri ikujibu."

"Ilikuwa jioni, wifi."

"Ilikuwa saa tisa. Nakuja na wewe."

Akaja na kikapu cha maandazi, chupa ya chai, mto na mkeka. Nikamuuliza mkeka wa nini. Akasema, "Wa kusubiria. Wewe umeshawahi kusafiri bila kusubiri?"

Jirani aliyekuwa akienda Kiwangwa kuhani msiba alitupakia kwenye gari lake. Asubuhi ilikuwa nzuri, mvua ya usiku ilikuwa imelaza vumbi, na mashamba ya mananasi yalipoanza kuonekana kando ya lami yalikuwa yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Saa mbili na nusu tulikuwa tumeshafika. Nikajisemea, kwa mwendo huu tutakula cha mchana Kwambwiga.

Kiwangwa: nanasi moja

Mpango ulikuwa tupande kenta ya Shomari, shemeji yake Hadija, anayepeleka mananasi Tanga. Angetushusha Mandera. Tulimkuta kenta imejaa, turubai liko mkononi, vijana wapakiaji wanakunywa maji. Mwanaidi alikuwa ameshainua mguu kupanda.

Hapo Shomari akainama, akanusa. Kwenye kona ya nyuma, chini kabisa, maji ya nanasi yalikuwa yanadondoka. Tone, kisha tone.

"Nani kaweka lililoiva chini?" akauliza kwa upole wa kutisha.

Niwaeleze, maana mimi mwenyewe sikujua. Mananasi hayapakiwi ovyo. Chini yanatandikwa majani makavu, kisha yanapangwa yale magumu, safu kwa safu, na yaliyoanza kuiva hukaa juu ambako hakuna uzito. Moja laini likikaa chini linapasuka, linalowesha jirani zake, na mpaka Tanga umebeba pombe. Kwa hiyo hakuna njia ya mkato: kenta nzima inashushwa.

"Kaka Shomari, ni moja tu," mpakiaji mmoja akajaribu.

"Moja ndiyo linaloonekana. Shusha."

Mwanaidi akashusha mguu. Alitandika mkeka kivulini pembeni mwa ghala, akakaa, akaniangalia. Mimi nikakaa.

Tulikaa mpaka baada ya swala ya alasiri. Lakini sikulalamika sana, kwa sababu lile nanasi lenye hatia lilikatwa likaletwa kwetu na chumvi na pilipili, na wapakiaji kila wakipumzika walikuja mkekani. Mmoja akaniuliza swali ambalo ningempa alama zote darasani: "Mwalimu, ndege na nondo wana undugu gani mpaka muwafuate pamoja?"

Nikamwambia: hawana undugu, wana ujirani. Chukua ndege kwanza. Yeye haishi juu kwenye vilele; maisha yake yako chini, kwenye majani yaliyoanguka na kuoza. Anayapindua kwa mdomo, anatafuta wadudu. Sasa chukua nondo. Anataga mayai kwenye mti, viwavi wake wanakula majani mabichi ya mti huo, wakishiba wanateremka, wanajifungia kwenye kifukofuko chini ya majani yaleyale makavu. Wanalala humo mpaka watoke na mabawa. Kwa hiyo mmoja anapofanya jiko, mwingine amefanya chumba cha kulala.

"Na wanafanana nini tena?"

"Wote wawili wanaita wachumba. Ndege dume anaita kwa sauti, anaimba. Nondo hana sauti. Jike anatulia kwenye tawi, anatoa harufu ambayo mimi na wewe hatuisikii, na dume anaifuata kutoka mbali kwa pembe zake zilizo kama unyoya. Tofauti kubwa ni hii: ndege anakula kila siku na anaishi miaka. Nondo akishaota mabawa hana hata mdomo wa kulia. Anaishi siku chache kwa akiba aliyokula alipokuwa kiwavi, anazaa, anakufa."

Mwanaidi akalamba chumvi kidoleni. "Yaani hali kitu, anajitia manukato, anakaa kitako anasubiri mwanamume aje? Mbona mtu huyo namjua, yuko mtaani kwetu."

Vijana walicheka mpaka Shomari akawaita kazini.

Yupi yuko katika hali mbaya zaidi? Hilo nalo waliliuliza. Niliwaambia ninavyojua: ndege amepungua na anatishiwa, lakini bado yuko kwenye misitu kadhaa ya pwani, na watu wa mbali huja kumsikiliza. Nondo ana vipande vichache mno, na hakuna anayefunga safari kumwangalia. Ndege akipotea, mtu atasema mbona kumekuwa kimya. Nondo akipotea, hakuna atakayesikia tofauti. Kwa hiyo mwenye hatari kubwa ndiye mwenye watetezi wachache.

Msata hadi Mandera

Tairi lilipasuka karibu na Msata, tukalala hapo. Hiyo ilikuwa Jumanne yetu. Asubuhi ya Jumatano, tukiwa kwenye chai na chapati, Shomari akiwa amechangamka, akanipa habari njema.

"Mwalimu, kijiji kizima kinakusubiri. Nimewaambia wote, mtaalamu wa viwavi anakuja."

"Mtaalamu wa nini?"

"Si Hadija alisema unajua viwavi? Msimu uliopita viwavijeshi walimaliza mahindi yetu yote. Watu wamefurahi sana. Wameshaazima mabomba mawili ya kupulizia dawa."

Chapati ilinisimama kooni. Mwanaidi alinipiga mgongoni, mara mbili zaidi ya ilivyohitajika.

"Shomari, mwanangu," nikasema nilipopata pumzi, "mimi naenda kuwaombea viwavi, siendi kuwaua."

Akanisogezea sahani. "Basi, mwalimu, hilo usiliseme ukishuka tu. Kula kwanza."

Nikampigia Hadija. Simu yake haikupatikana. Nilipiga tena kila kilomita mpaka Mandera, nikiwaona moyoni wazee wa watu wanainyunyizia dawa nyumba ya mwisho ya nondo kwa heshima yangu.

Miono hadi Kwambwiga

Kutoka Mandera tulipata gari mpaka Miono, na Miono tulipanda guta, ile pikipiki ya matairi matatu yenye bodi nyuma, pamoja na magunia ya unga wa muhogo. Mwanaidi alikalia mto wake. Mimi nilikalia unga. Nilishuka mweupe kama niliyekwisha kufa, alivyosema yeye.

Mvua ilikuwa imenyesha juu huko, na korongo lililo katikati ya njia lilikuwa limejaa. Dereva akazima injini, akasema maji yatashuka yakitaka. Mkeka ukatandikwa tena.

Upande wetu alikuwepo pia mchuuzi wa samaki, mzee mwembamba na baiskeli, anarudi Saadani na ng'onda waliobaki tengani, samaki waliopasuliwa na kukaushwa. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza nyumbani, watoto, shamba, safari, na sisi tukauliza ya kwake, na hapo nusu saa ikawa imepita kwa adabu tu. Kisha akauliza tunakwenda kwa nani. Nikamwambia habari za ndege.

"Wa kifua kama ganda la chungwa? Namsikia kila nikipita pale alfajiri." Akaweka midomo sawa, akapiga mluzi mwembamba unaopanda na kushuka, akaukata ghafla. "Anaimba hivyo, halafu kimya. Mimi nikisimama, yeye ananyamaza. Nikiondoka, anaanza. Nadhani ananiona mimi ni mtu wa kelele."

Sijui kama niliwahi kufurahi hivyo kwa sababu ya mluzi. Kumbe alikuwepo. Tukanunua ng'onda, tukagawana maandazi, na maji yalipofika magotini tukavuka.

Tulifika Kwambwiga saa kumi na moja jioni, Jumatano. Siku ya kutafuta ilikuwa imekwisha.

Aliyekuja mbele kutupokea alikuwa mama mmoja mrefu, kanga imefungwa kiunoni, na bomba la dawa mgongoni kama askari. Huyo ndiye Bi Mwanamvua, kiongozi wa kikundi cha wanawake wakulima. Ananizidi umri kidogo.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Viwavi tuanze nao leo au kesho?"

Hadija, nyuma yake, alikuwa ameshika kichwa. Nikaomba tukae kwanza. Nikaeleza pole pole: viwavijeshi ni wengine, hao wa mahindi, na hao hata mimi siwatetei. Wa msituni hawagusi mahindi wala nanasi. Wana mti wao mmoja, ukikosekana mti huo wanakufa na njaa. Bi Mwanamvua alisikiliza mpaka mwisho, akalivua bomba, akaliegemeza ukutani.

"Nimekuelewa. Ila nikwambie ukweli, mwalimu, usije ukasema tulikudanganya. Nina mabinti watatu, na ardhi niliyonayo haitoshi hata mmoja. Kesho nitanyoosha mkono msitu ugawiwe. Lakini wewe ni mgeni wangu, na mgeni haingii porini kama panya. Alfajiri mtakuta mambo yako tayari."

Nikamshukuru sana. Sikumuuliza "tayari" maana yake nini. Miaka yote hiyo ya kuwaambia watoto waulize swali, na siku hiyo mimi nikala bada, ule ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa ng'onda na nazi, nikalala.

Alhamisi: msituni

Baada ya swala ya alfajiri tulitoka: Mwenyekiti, wajumbe wanne wa kamati, Hadija, mimi na Mwanaidi na mkeka wake.

Njia ya kuingia msituni ilikuwa nyeupe. Mchanga ulikuwa na alama za fagio, nusu duara baada ya nusu duara, kama uwanja wa nyumba siku ya Idi. Nikadhani ni njia tu. Tukaingia ndani. Chini ya miti hapakuwa na jani. Hata moja. Ardhi ilikuwa imefagiwa mpaka kwenye mizizi, matawi ya chini yamekatwa ili yasitukwaruze, na wanawake kama kumi na tano walikuwa wamesimama pembeni, kanga safi, fagio za chelewa mikononi, nyuso zinang'aa kwa jasho na furaha. Walianza gizani kwa taa za simu.

"Karibu, mwalimu," Bi Mwanamvua akasema. "Sasa unaweza kupita bila kuogopa nyoka."

Hadija alikaa chini palepale. Hakulia, lakini alikaa.

Mjue, huku kwetu pwani mtu akikufagilia njia amekuheshimu. Mama zetu walitufundisha kufagia kabla hatujajua kuhesabu. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya ni kuwashukuru, mmoja mmoja, kwa mkono, na nilimaanisha. Kisha tukaanza kutembea, tukitafuta wapinduaji wa majani mahali pasipo na majani.

Tulitembea mpaka jua likapenya. Hatukusikia mluzi. Hatukuona bawa. Mwenyekiti, mtu mpole anayetembea na redio ndogo mfukoni, aliniangalia kwa huruma.

"Mwalimu, mimi naona usafi tu."

"Na mimi, Mwenyekiti."

"Mkutano ni saa nane."

Hapo Mwanaidi akanusa, kama Shomari kwenye kenta. "Nani anawasha moto?"

Hadija akaruka. Sikujua binti yule anaweza kukimbia hivyo. Takataka zote, majani na matawi, zilikuwa zimerundikwa ukingoni mwa msitu, lundo la kimo cha mtu, na mwanamke mmoja alikuwa ameinama anapuliza kijinga cha moto pembeni. Ndivyo tunavyofanya wote: ukishafagia, unachoma. Hadija aliufikia, akaukanyaga kwa kandambili, akausukumia mchanga.

"Jamani, msichome! Wamo humu! Wote wamo humu!"

Bi Mwanamvua alikuja mbio. "Nani wamo?"

Hadija akapiga magoti, akachomoa tawi moja lililokatwa asubuhi ile. Upande wa chini wa majani, wamejipanga bega kwa bega, walikuwepo viwavi wachanga wa kijani wenye vinyweleo vyeupe, wadogo kama punje za mchele. Mti wao. Majani yao. Nikawaita wajumbe. Mwenyekiti akavaa miwani. Mwanaidi, ambaye alikuja kwa ajili ya macho yangu, akaingiza mkono kwenye lundo bila kuuliza, akatoa kitu cha kahawia kama kokwa, kimefungwa kwenye majani mawili kwa nyuzi laini.

"Hii ni kokwa ya nini?"

"Weka polepole, wifi. Hiyo si kokwa. Ni nondo amelala."

Hakuna aliyecheka. Kila mjumbe alikishika kile kifukofuko kwa zamu, na kilipofika kwa Bi Mwanamvua kikatikisika kidogo, chenyewe, kama mtoto anavyojigeuza tumboni. Akakirudisha haraka. "Kiko hai!"

Nikawaomba wote warudi nyuma, wakae, wasiseme. Kama chakula chote cha ndege kimehamia hapa, nilifikiri, basi mwenye njaa atakifuata. Mkeka ukatandikwa mara ya tatu. Mwanaidi alinyamaza muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akinyamaza, hata alipokuwa bibi arusi.

Akaja. Alitua chini ya lundo kama jani lililoanguka, mdogo, mgongo wa kahawia, kifua kile cha chungwa. Akaruka hatua mbili. Akapindua jani, akalitupa. Akapindua lingine. Mwenyekiti alinishika mkono wa baibui bila kujijua. Kisha ndege akapanda kwenye tawi lililokatwa, akainamisha kichwa, akadonoa kiwavi mmoja, akameza. Akadonoa wa pili. Akapangusa mdomo kwenye kijiti, akaimba, mluzi uleule wa mzee wa ng'onda, akakata katikati, akaondoka.

Mwenyekiti akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwalimu. Huyu si ndiye tunayetakiwa kumlinda?"

"Ndiye."

"Na yule aliyeliwa, si ndiye pia tunayetakiwa kumlinda?"

"Ndiye, Mwenyekiti."

"Na wenyewe wanajua?"

Sasa ndiyo watu wakacheka, mpaka fagio zikaanguka. Nilisubiri waishe, nikawaeleza. Nondo anataga mayai mengi kwa sababu anajua wengi wataliwa. Mlaji si ndege tu. Tangu msitu uwepo ndege amekula na nondo wamebaki. Kitakachowamaliza wote wawili asubuhi moja ni kukosa majani ya chini. "Ndege anachukua wachache," nikasema. "Moto ule ungechukua wote, na ndege angekufa baada yao."

Bi Mwanamvua hakucheka na wenzake. Alikuwa anaangalia kile kijinga kilichozimwa.

Mkutano

Sitaki mdhani mambo yalimalizika kwa ndege kuimba. Mkutano ulikuwa mkali. Mtu mmoja alisimama akasema nondo hajawahi kumsomesha mtoto wake. Mwingine akasema kama ndege anapenda lundo, tumwekee lundo, sisi tulime. Hadija alijibu wote, bila kupaza sauti, na mimi nilikaa nyuma nikaacha, kwa sababu nilikuja ili asikilizwe yeye. Wajumbe walisema walichoona. Mwenyekiti akasema, "Nilisema kwa macho, na macho yameona."

Kisha akasimama Bi Mwanamvua, na nikajiandaa kushindwa.

"Jana nilimwambia mgeni nitanyoosha mkono msitu ugawiwe. Ardhi bado naihitaji, hilo sijalibadilisha. Lakini upande wa barabara tuna lile shamba la mkonge la zamani, limekuwa kichaka, hakuna anayelitaka kwa sababu kung'oa visiki vya mkonge ni kazi. Tunautaka msitu kwa sababu ni rahisi. Basi tuanze na kazi ngumu. Kama huko hakutoshi, nitarudi hapa hapa kusema."

Walipiga kura kwa mikono. Mikono ya kuubakiza msitu ilizidi, si kwa mingi. Utabaki misimu mitatu, shamba la mkonge ligawiwe kwanza, kisha waangalie tena. Hadija alitaka milele. Nilimwambia misimu mitatu ni muda wa kutosha kuwafundisha watu wengi, na yeye ndiye mwalimu wao sasa.

Ijumaa asubuhi

Ya kurudi hayana hadithi: tuliondoka Kwambwiga baada ya swala ya Ijumaa, tukalala tena njiani, na Mwanaidi alilala pia ndani ya kila gari mpaka Bagamoyo. Lakini kabla hatujaondoka, Bi Mwanamvua alinipigia hodi. "Mwalimu, njoo uone tunavyofanya, usije ukatusema."

Wanawake walewale kumi na tano walikuwa msituni, wanarudisha majani. Walibeba kwa matenga, kwa vikapu, kwa kanga zilizofungwa pembe nne, na matawi yenye viwavi walikuwa wameyaegemeza kwenye mti wa viwavi hao, majani yagusane na mabichi ili wapande wenyewe, kama Hadija alivyowaonyesha. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri, ila mikono yao haikujua kufanya uchafu. Kila mmoja alimwaga, kisha akasawazisha. Mmoja alikuwa ameyapanga majani pembeni ya njia kwa mstari, safi kabisa.

"We Asha!" Bi Mwanamvua akapaza sauti. "Nani kakufundisha kupanga takataka? Vuruga hapo! Mwaga kama umekasirika!"

"Bibi, nikiona hivi nasikia aibu."

"Sikia aibu, lakini mwaga."

Akawakusanya wasichana wawili waliokuja kutazama, akawafunulia kifukofuko kimoja kwenye kiganja, akaanza kuwafundisha. "Humu kuna nondo. Huyu akitoka hali, hanywi. Amefunga, na funga yake haina magharibi. Ndiyo maana ni lazima ashibe angali mtoto. Na yule ndege ndiye baba yake, kwa hiyo akimla mmoja ana haki."

Hapo mwisho alikosea, na Mwanaidi akanigusa ubavu nisahihishe. Sikusahihisha. Wale wasichana walikuwa wamekisogelea kile kifukofuko mpaka mapaji ya nyuso zao yakagusana, na mmoja akauliza kitatoka lini, na Bi Mwanamvua akamjibu kwamba hajui, itabidi waje kila siku kuangalia, na atakayekuja na ufagio atamtambua yeye ni nani.